Macho ya Mama Yako Hayako Lukafu

Kapinga wangu,

Kama umenisikiliza, sasa uko Tenke na treni imesimama. Nilikuambia usifungue bahasha hii kabla ya hapo kwa sababu nakujua. Ungeisoma kituoni ungeshuka, na mimi sitaki ushuke. Kutoka Tenke huwezi kurudi kwa miguu.

Habari za maji na mkate na namna ya kufunga sanduku sikuandikii, mama wa hema la pili amekwisha kukuambia mara tatu. Nimekaa juu ya kasha la dawa nje ya hema letu. Jua bado lipo. Wewe uko kwenye foleni ya maji unagombana na mtu, sauti yako inafika mpaka hapa, na ninavyosikia unashinda. Ukirudi tutakula bukari ya mahindi pamoja, nitakuachia ukoko kama siku zote, na hutajua kwamba nimeandika chochote.

Juma lililopita uliniomba jambo moja. Hukuomba viatu, ingawa vya sasa vimetoboka. Ulisema, "Baba, mbele ya kwenda minataka nione macho ya mama, mara moja tu. Unipeleke Lukafu." Nilikujibu kwamba njia imefungwa, kwamba askari wa Katanga hawapitishi mtu wa Kasai. Njia haikufungwa. Siku mbili baadaye nilipita mwenyewe, kwenye kamio, lile lori la padri, na koti langu jeupe, na wewe nikakudanganya kwamba nimetumwa dawa.

Macho ya mama yako hayako Lukafu, Kapinga. Hayakufika Lukafu hata siku moja.

Nimeandika hivyo mapema ili nisipate nafasi ya kuzunguka. Nina kipaji cha kuzunguka, na utaona kilitufikisha wapi.

Kazi yangu uliiona kwa akili ya kitoto: baiskeli, koti, watu wa mtaa wetu wa Kamalondo wakiniita Munganga ingawa nilikuwa muuguzi tu. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mbele ya jicho kuna ngozi inayopitisha mwanga, kama kioo cha saa, inaitwa konea. Surua inaweza kuitia ukungu, na cheche za kiwandani, na kidonda kisichotibiwa. Mtu anabaki kipofu ingawa nyuma ya ule ukungu jicho lake ni zima. Ukikata kioo kibovu ukashona kizuri mahali pake, anaona. Lakini kioo kizuri hakitengenezwi kiwandani. Kinatoka kwa mtu aliyekufa saa chache zilizopita, na mtu huyo ana ndugu, na ndugu lazima waulizwe.

Aliyewauliza nilikuwa mimi.

Daktari wetu, yule mzungu mliyemwita Bwana Pole kwa sababu alisema pole hata kwa mlango alioupiga na bega, alikuwa na mikono ya ajabu lakini hakujua kuingia matangani. Mimi nilijua. Nilijua kuvua kofia tangu mbali, kukaa chini, kunyamaza mpaka niulizwe. Nililia na wenye kulia na sikuigiza. Halafu, kwa Kiluba chetu, polepole, nilisema kwamba marehemu anaweza kumwachia mtu mwanga kabla ya kwenda. Walikubali. Karibu wote walikuwa watu wetu wa Kasai, kwa kuwa kwenye nyumba zao sikuwa mgeni. Wengine daktari hawakumjua hata sura, walinijua mimi.

Sharti lao lilikuwa moja. Unajua kwetu mtoto akipewa jina la marehemu anasalimiwa kwa heshima ya marehemu. Basi wazee wakaamua, bila kuniuliza wala kumwuliza padri, kwamba mwenye kubeba macho ni zaidi ya mwenye kubeba jina. Huyo ni ndugu. Anapelekewa unga, anaalikwa arusi, akifiwa watu wanakwenda kulala kwake. Kila nyumba waliniuliza swali lilelile: "Tutamusalimia nani?" Kila nilipompelekea daktari macho ndani ya chupa yenye barafu nilimwomba jina la atakayepewa, naye alinipa. Fundi wa mgodini, Kipushi. Mama wa watoto wanne, Kipushi. Chumba kizuri cha upasuaji kiko Kipushi, alisema, hapa kwetu pana vumbi. Aliiweka chupa kwenye gari lake akaondoka, nami nikapanda baiskeli kurudi matangani na jina.

Mama yako alipokufa kwa ile homa ya siku nne ulikuwa na miaka tisa. Mama yako mkubwa, huyu unayekwenda kuishi kwake Mwene-Ditu, alisimama mlangoni akatandaza mikono pande zote mbili. "Kalala, dada yangu hapana. Kule kwa wafu atanijua namna gani?" Nilimjibu kwa yale maneno yangu mazuri. Hakusogea. Niliona aibu kwamba nimewaomba watu wote kitu ambacho nyumba yangu inakataa. Kiburi pia kilikuwapo: daktari alikuwa amenisifu mbele ya wauguzi wote kwamba mimi ni mtu wa maendeleo, na sifa ile niliipenda kama pombe. Nilimsukuma dada wa marehemu kwa bega nikapita. Tangu siku hiyo hajasema nami, na wewe umekua ukidhani ni maneno ya mahari.

Siku ya tatu daktari aliniita pembeni. "Kalala, macho ya muke yako iko kwa mutoto wa Lukafu. Yule wa kwanza."

Nilimjua. Mwansa, msichana wa rika lako, aliyeletwa na bibi yake, nusu ya njia kwa miguu, nusu kwa kamio. Surua ilimla macho yote mawili. Mimi ndiye niliyeandika jina lake mstari wa kwanza kwenye daftari la wanaongoja. Nililia kwa furaha. Nilikwenda kukuchukua kwa majirani nikakupakata, nikakuambia mama yako anaona, yuko Lukafu anaona. Ukaniuliza kama anakuona na wewe. Nikasema ndiyo, kwa hiyo uoge.

Ukaanza zawadi zako. Kila Novemba, siku ya marehemu, ulimtengenezea Mwansa kitu: utepe wa nywele, kitabu cha kusomea kilichopungua kurasa mbili, kipande cha sabuni ya kunukia ulichokificha mwaka mzima usikiogee. Na ile leso uliyoitarizi kwa masista kwa uzi mwekundu, NGALULA, jina la mama yako, herufi ya mwisho imebanana kwa sababu ulikosea kupima. Zote nilimkabidhi daktari azifikishe. Alizipokea kwa mikono miwili, kama tunavyopokea sisi. Nilifurahi kwamba amejifunza.

Nilikuwa na nafasi ya kujua mapema, na ndiyo inayoniuma. Mama Odila, mshonaji wa Kamalondo, mumewe alipokufa nilimpa jina la fundi wa Kipushi. Mwaka ulipopita alichukua jogoo hai akaenda Kipushi kumsalimu. Aliuliza hospitali, aliuliza kwenye kambi ya wachimbaji, mlango kwa mlango. Akarudi na jogoo wake mpaka kwangu. "Kalala, ule muntu haiko. Hata jina habajue." Nilimwuliza daktari. Hakupepesa. Alisema fundi amehamishwa, yuko Kolwezi sasa. Nikampelekea Mama Odila jibu hilo, naye akaniachia jogoo nimtunzie yule bwana mpaka apite. Tulimla, Kapinga. Unakumbuka Krismasi ya jogoo mgumu? Wewe ulikula paja na ukalalamika.

Mtu mwenye akili timamu angejiuliza. Mimi sikutaka kujiuliza, kwa sababu ningejiuliza ningepoteza ile furaha ya kuingia kwenye nyumba za watu nikipokewa na viti.

Halafu ikaja ile wiki, mara baada ya uhuru, wazungu walipokimbilia Rhodesia na magodoro juu ya magari. Bwana Pole alikimbia nao. Hakuniaga. Miaka yote ile alikula sombe, majani yetu ya muhogo, mezani kwetu, mama yako alimwekea pilipili pembeni kwa kuwa hakuiweza, na hakupita hata kugonga mlango. Nilikwenda ofisini kwake kuokoa daftari la wanaongoja, nikijua siku zinazokuja watu watavunja. Kabati lilikuwa wazi.

Zawadi zako zilikuwa rafu ya chini. Zote. Utepe, kitabu, sabuni, leso, kwa mpangilio wa miaka. Hata kutupa hakuzitupa.

Nilikaa sakafuni. Baada ya muda nikaanza kusoma makaratasi. Hapakuwa na Kipushi. Zile chupa zilikwenda uwanja wa ndege, na makaratasi ya ndege yalikuwapo, kila moja na siku yake na mji wake, miji ya Ulaya, miji ya kusini, mingine sijui hata iko wapi. Karatasi ya mama yako niliitambua kwa tarehe tu. Jina hawakuandika. Waliandika mwanamke, umri, saa ya kufa, na pembeni neno la Kifaransa ambalo maana yake ni safi kabisa.

Na kulikuwa na barua. Nilidhani upofu huu ni wa kwetu, wa vumbi letu na surua yetu. Kumbe kila nchi ina daftari lake, na kila daftari ni refu. Wagonjwa wa huko nao wanangoja miaka. Wafu hawakosekani popote. Kinachokosekana ni ndugu wa kusema ndiyo. Daktari mmoja wa mji mkubwa alimwandikia Bwana Pole kwamba kwao familia zinakataa na sheria inachelewa, na jicho haliwezi kungoja sheria, akauliza huku tunafanyaje hata macho hayakosekani. Nakala ya jibu ilikuwa imebanwa nyuma. Ilikuwa ya mistari michache. Nina muuguzi mmoja, aliandika, ambaye hawamkatai.

Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko sala. Ni sifa, unaona. Hajawahi kunisifu vizuri zaidi.

Sitaki umfikirie shetani mwenye pembe. Zamani kabisa alimpandikizia konea mtu wa reli, hapahapa mjini kwetu, nami nilishika taa. Mgonjwa alitakiwa kulala chali siku nyingi bila kugeuza kichwa, mifuko ya mchanga huku na huku. Siku ya tatu akaamka akaenda kazini, akiogopa kufukuzwa, na jicho likaharibika. Daktari aliniambia, "Kalala, kwenu ni kupoteza." Nilidhani ni hasira ya siku moja. Kumbe ndipo alipofunga daftari letu akafungua la wenzake, na daftari letu akaliacha mezani ili mimi niendelee kuandika majina. Huko walikopelekwa macho wako watu wanaoona leo, pengine mwalimu, pengine mama anayemwona mtoto wake mara ya kwanza. Siwachukii. Hawakujua. Ninachokichukia ni kwamba angeniambia kweli ningeweza kuwaambia ndugu, na ndugu wangechagua. Wengine wangekubali. Mama Odila angekubali, namjua, angeuliza tu huko Ulaya jogoo anapelekwa vipi.

Mpaka hapo ni kosa la daktari. Sasa langu.

Nilizichukua zawadi nikazificha chini ya kitanda, ndani ya kasha la mabomba ya sindano. Nikanyamaza. Novemba ile ukaniletea nyingine, kitambaa cha kichwa, nikasema nitamfikishia. Novemba iliyofuata tayari tulikuwa humu kambini. Unajua tulivyotoka Kamalondo. Walewale tuliochota nao maji kwenye bomba moja walikuja na mapanga kutuambia Katanga si ya Wakasai. Fundi cherehani wa mtaani, niliyemtibu macho bila kumtoza pesa, alitoka na meza yetu kichwani. Ulilia sana siku ile kwa sababu ya majirani. Ulisema, "Baba, shiye tulibafanya nini?" Sikuweza kukufariji vizuri, kwa kuwa nilikuwa nikifikiri kwamba wale angalau walikuja mchana na walisema walichokuja kufanya. Novemba hiyo ukakata kipande cha gauni lako la kanisani ukamshonea Mwansa mfuko. Nikaupokea. Kwa mikono miwili.

Na hapa kambini wote wapo. Nyumba zote nilizoingia na kofia mkononi zimegeuka mahema, na ninapita katikati yao kila siku na sanduku la dawa. Mama Odila yuko hema la tano kutoka kwetu. Juzi aliniuliza, ikiwa sote tunarudishwa Kasai, nani atamwambia yule bwana wa Kolwezi kwamba tumehama, asije akatutafuta Kamalondo bure.

Ndiyo sababu sipandi treni na wewe. Nilikuambia wauguzi wamebaki wachache, na ni kweli, lakini ukweli huo niliutumia tu kama pazia. Nabaki kwa sababu kabla hawajatawanyika kila mtu kwa kijiji chake, nitaingia kila hema na kuwaambia. Kesho treni yako ikiondoka nitaanza na Mama Odila. Wakinipiga ni haki yao. Naogopa zaidi kwamba hawatanipiga.

Lakini ilinibidi nianze na wewe, na kabla yako, Lukafu.

Nilimkuta Mwansa mbele ya nyumba akimenya mihogo. Kisu chake kinakwenda kasi kuliko chako. Nilipobisha hodi kisu kikasimama.

"Munganga wa daftari," akasema. Alinijua kwa sauti, baada ya miaka yote. "Njo zamu yangu imefika?"

Bibi yake alikwisha kufa. Pembeni ya mlango kulikuwa na kifurushi cha nguo kimening'inizwa kwenye msumari, kimefungwa vizuri, kwa safari. Sikuuliza kimekaa hapo tangu lini. Nilikaa chini nikamwambia yote kama ninavyokuambia wewe, bila Kiluba kizuri, bila kuzunguka. Alisikiliza akishika muhogo mmoja ambao hakuumenya.

"Na sasa niko wa ngapi?" akauliza.

"Wa kwanza," nikamjibu. "Bado wa kwanza. Lakini hakuna daftari tena, mwanangu. Wala daktari."

Nikafungua kasha nikamwekea zawadi zako mapajani, moja moja, nikimweleza. Utepe aliupima kwa vidole. Kitabu alikiweka kando. Sabuni aliinusa, na hapo tu akacheka kidogo. Leso aliifuata kwa kidole, uzi kwa uzi, mpaka ile herufi iliyobanana.

"Hapa baliandika nini?"

"Ngalula. Jina la mama ya mutoto wangu."

"Na mutoto wako anazani miye niko na macho ya mama yake?"

"Ndiyo."

"Miaka yote hii?"

"Ndiyo."

Aliikunja leso mara nne, akanyoosha mkono akasubiri mpaka nikaichukua. "Umurudishie. Hii haiko yangu. Sabuni nitabakia nayo."

Leso iko chini kabisa ya sanduku lako, ndani ya gauni la bluu. Ukifika Mwene-Ditu mpe mama yako mkubwa aishike, na umwambie Kalala amesema, "Ulikuwa na haki pale mlangoni." Usimwombe anisamehe. Wewe pia usinisamehe upesi kwa kuwa niko mbali na unanihurumia. Nikikuta umenisamehe bila kunigombeza nitajua umenidanganya, na katika nyumba yetu mwongo mmoja ametosha.

Somo sina. Nina lile swali la wazee tu, ambalo nililidhani ni la ushamba: tutamusalimia nani? Siku moja mtu mpole atakuomba kitu usichoweza kukipata tena. Mwulize hivyo, halafu nenda mwenyewe ukamsalimu huyo mtu kabla hujalala.

Unakuja sasa, ndoo kichwani, umeloa bega moja. Nimalize.

Nilipokuwa napanda kamio Mwansa aliniita, akauliza jina lako. Nikamwambia. Nikasema ukiwa na neno lolote la kumpelekea, nitamletea mimi. Akatikisa kichwa.

"Kapinga akuye mwenyewe, na miguu yake," akasema. "Weye usilete kitu tena."

Baba yako,
Kalala